Niliisoma Nishani ya Baba Mkwe Mbele ya Watu

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na moja, fundi wa saa hapa mjini Nyeri, na ninaishi peke yangu katika chumba kimoja huko Skuta. Nilikuwa na mke. Nilikuwa na mtoto wa kike. Nilikuwa na baba mkwe aliyenipenda kuliko nilivyostahili... Wote niliwapoteza kwa sababu ya kitu kidogo cha kubandika kifuani, kisichozidi kifuniko cha chupa ya soda!

Wasomaji wenzangu, najua kuna watakaosema, "Huyu naye, mtu mzima hovyo!" Semeni tu. Mimi mwenyewe nimejitukana zaidi ya hapo. Ila someni mpaka mwisho, hasa wewe unayejiona unajua sana kitu fulani kuliko wenzako.

Kazi ya saa nilifundishwa na Mhindi mmoja aliyekuwa na duka hapa mjini. Miaka michache baada ya uhuru alifunga mizigo yake akaenda ng'ambo, akaniachia meza, lenzi ya kubana jichoni, na mkebe mmoja wa biskuti. Ndani ya mkebe hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na medali! Wazee waliopigana vita vya Wazungu, wale tuliowaita askari wa Keya, walikuwa wakizileta dukani zichomelewe pini, halafu wengine hawakurudi kuzichukua. Ule mkebe ndio ulikuwa mwanzo wa ugonjwa wangu.

Nilizitazama kwa lenzi siku nzima. Nikagundua kwamba kwenye ukingo wa medali, pale pembeni pembamba ambapo mtu wa kawaida hatazami, pamegongwa namba ya askari na jina lake. Kumbe kila medali ina mwenyewe! Mjane mmoja kutoka Othaya aliniletea moja aliyoiokota ghalani, nikamsomea jina la marehemu mumewe, akakaa chini kwenye sakafu ya duka akalia. Habari zikaenea. Watu wakaanza kuniita Daktari wa Medali.

Wacha we! Nilivimba kichwa. Nikamwita mchora mabango, akaniandikia jina hilo juu ya mlango kwa rangi nyekundu, chini ya maneno "Fundi Saa".

Tangu hapo nikawa mkusanyaji. Siku za soko nilikuwa Karatina, nikipita katikati ya magunia ya vitunguu mpaka kule kwa wauza vyuma kuukuu, nikiinamia kila rundo. Nilifika Murang'a, nikafika Nanyuki. Nilikuwa na sanduku la kioo lililotandikwa kitambaa cha kijani, na humo nilizipanga: za vita vya Abisinia, za Misri, za Burma.

Lakini zilizoninyima raha zilikuwa za Sultani wa Unguja. Serikali ile ya Kiarabu ilikuwa imepinduliwa, Sultani amekimbia, na hakuna mtu ambaye angetengeneza nyingine kama zile tena. Nilikuwa nazo mbili tu. Upande mmoja sura ya Sultani na kilemba chake, upande wa pili maandishi ya Kiarabu yaliyojikunja kama mizizi. Hapa Nyeri nani angezisoma? Hakuna! Ndiyo maana nilizipenda. Nilitaka niwe mtu pekee mlimani kote anayezijua.

Na ya tatu nilijua ilipo. Ilikuwa kwa baba mkwe wangu.

Mke wangu aliitwa Nyaguthii. Baba yake, Mzee Wahome, alikuwa na shamba dogo la kabeji upande wa Karatina. Mzee huyu aliondoka nyumbani kijana, akateremka pwani kutafuta kazi, akavuka mpaka Unguja, akaandikwa katika kikosi kidogo cha walinzi wa Sultani. Alikaa huko miaka mingi. Siku moja ghala la karafuu lilishika moto, mwenzake akanaswa ndani, naye akaingia akamtoa mgongoni. Kwa hilo alivikwa nishani. Serikali ilipoanguka, yeye na wenzake wa bara walirudishwa makwao, akafika kwake na sanduku la bati, barua ya kuachishwa kazi, na ile nishani yake.

Yeye aliiita nishani, sisi tukisema medali. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha visiwani, na watu wa kijijini walimcheka. "Mwarabu amekuja!" walisema akipita. Na haikuwa utani mtupu. Miaka ile ya hali ya hatari, wenzake waliingia msituni kupigana na Wazungu, wengine wakafungwa kambini, wengine wakawa homugadi, askari wa kijiji upande wa Wazungu. Yeye hakuwako. Hakuwa wa huku wala wa kule! Kwa hiyo pande zote mbili zilimwona mtu aliyekuwa akila tende na Waarabu wakati wenzake wanachapwa. Mzee alinyamaza tu. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kuonyesha kwamba hakuishi bure ni ile nishani.

Nilimwomba mara tatu anipe niiweke kwenye sanduku langu. Mara tatu alikataa, kwa upole.

"Muthoni wangu," aliniambia mara ya mwisho, akitumia neno letu la mkwe, "nikifa mama yenu atakupa. Nikiwa hai niachie. Niko na kitu gani kingine mimi?"

Nilicheka, nikanywa uji wake, nikaenda zangu. Lakini rohoni nilikasirika... Mbona ananinyima? Mimi niliyemwolea binti yake, na tena Daktari wa Medali? Nikaanza kujiuliza kama kuna jambo analificha. Sikieni hapo, wasomaji! Mtu akikunyima kitu chake, wewe unaanza kumshuku. Shetani ana mlango gani mwingine?

Sasa niwaeleze nilivyojifunza Kiarabu, mpate kucheka kabla hamjalia. Ukutani dukani palikuwa na saa ya mfukoni aliyoiacha mzee mmoja wa Keya, aliyoitoa Misri. Uso wake ulikuwa na tarakimu za Kiarabu. Kwa kuwa mimi ni fundi saa, najua mahali pa kila namba kwenye uso wa saa hata nikifumba macho. Nikachukua daftari, nikanakili moja mpaka tisa. Basi! Halafu nilikuwa nimesikia, kama kila mtu, kwamba Waarabu huandika kutoka kulia kwenda kushoto. Nikajumlisha hayo mawili, nikajipa digrii. Majengo, wanakoishi Waislamu wa mji wetu, ni mwendo wa dakika kumi kutoka dukani kwangu. Ningeweza kwenda kumwuliza maalim yeyote. Lakini daktari anaenda kuuliza nini?

Mwaka huo wazee waliotumikia majeshi ya zamani walipata ruhusa ya kusimama mstari mmoja uwanjani siku ya sherehe ya Jamhuri, wamevaa medali zao, wakuu wa serikali wapite mbele yao wawape mkono. Mzee Wahome alipopata habari hizo alibadilika kabisa. Nyaguthii aliniambia baba yake alikuwa akifanya mazoezi ya kusimama wima nyuma ya zizi la ng'ombe akidhani hakuna anayemwona! Alitaka jambo moja tu: wale waliomwita Mwarabu wamwone amesimama kwenye mstari ule.

Kamati ya wazee hao ilikuwa na wasiwasi. Mwaka uliotangulia, kwenye mkutano wa chifu, watu fulani walijitokeza na medali za kaka zao waliokufa. Kwa hiyo ikaamuliwa kila mtu alete medali na karatasi yake, na mtu anayejua alinganishe namba. Na ni nani anayejua? Mimi!

Tulikutana asubuhi katika ukumbi mmoja mjini. Nilipewa meza yangu mbele, na kiti, na chai. Wazee wamepanga foleni. Nilikuwa nimevaa tai. Kabla ya saa nne nilikuwa nimekwisha kuwanasa wawili ambao namba zao hazikulingana, na kila nikinasa mtu ukumbi ulikuwa unaguna, na mwenyekiti ananipiga begani. Utamu wa kusifiwa, jamani! Ulinilevya kama pombe ya muratina.

Ndipo akaja baba mkwe wangu. Alikuwa amevaa koti la kaki ambalo Nyaguthii alilipiga pasi jana yake mpaka mikunjo ikawa kama kisu. Nyaguthii mwenyewe alikuwa mlangoni, amembeba Wanja, mtoto wetu, amekuja kumwona baba yake akiandikwa. Mzee aliniwekea nishani mezani kwa mikono miwili. Akaweka na barua yake.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Namba mia moja thelathini na mbili.

Nikabana lenzi jichoni. Nikaigeuza nishani, nikaitazama ukingoni. Pana tarakimu tatu za Kiarabu. Nikaanza kulia kwenda kushoto, kama nilivyojifundisha. Mbili... tatu... moja. Mia mbili thelathini na moja!

Nikasoma tena. Mia mbili thelathini na moja.

Wasomaji, mpaka leo nakumbuka nilivyohisi, nami nitasema kweli kwa sababu nimekuja hapa kutubu. Sikuhisi huzuni. Nilihisi kama mtu aliyeshinda! Nikasema moyoni, ndiyo maana alininyima.

Ningeweza kumvuta kando. Ningeweza kusema, "Mzee, ngoja kidogo, hii nitaiangalia vizuri." Mila zetu zinasema mkwe ni mtu wa kuheshimiwa hivi kwamba hata kiti chake hukalii. Mimi nilifanya nini? Nilisimama. Nikasema kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia, "Namba hazilingani. Hii medali si ya huyu mzee."

Foleni nzima ikageuka kumtazama.

Mzee Wahome alinitazama kama ambaye hakusikia. "Angaria tena, muthoni wangu," akasema, na kile Kiswahili chake kilichonyooka kilikuwa kimempotea, ulimi umerudi nyumbani. "Mimi sijui kusoma. Lakini namba yangu naijua kama jina la mama yangu. Mia moja thelathini na mbili. Angaria tena."

"Nimeangalia mara mbili," nikamjibu. "Namba haidanganyi."

Mtu mmoja kwenye foleni akapaaza sauti, "Ati labda aliivua kwa maiti, siku ile Sultani alikimbia!" Watu wakacheka. Wengine hawakucheka, wakaguna, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mwenyekiti akachukua kalamu, akakata jina. Mzee akachukua nishani yake na barua yake, akaondoka bila kugeuka. Nilipotazama mlangoni, Nyaguthii hakuwapo.

Nyumbani mke wangu hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliniuliza, "Baba Wanja, una hakika?" Nikasema ninayo. Akasema, "Hakika ya Mungu ama hakika yako?" Nikawaka! Nikamwambia mambo ya medali ayaachie wanaoyajua, na kwamba mimi siwezi kusema uongo mbele ya kamati kwa sababu ya ujamaa. Nilijiona mtu mwadilifu sana. Ole wangu!

Neno lile la maiti halikuishia ukumbini. Lilipanda mlima na kushuka. Siku ya Jamhuri wazee walisimama uwanjani, naye akashinda shambani akipalilia kabeji ambazo hazikuwa na magugu. Sokoni Karatina, aliposimama na miche yake, watu walikuwa wakimwita "Mia Mbili". Kanisani, alipokuwa ametajwa kuwa mzee wa kanisa, jina likawekwa kando mpaka mambo yachunguzwe... na nani angeyachunguza? Mama mkwe aliniletea ujumbe kupitia kwa Nyaguthii kwamba mzee hali vizuri. Nikasema atazoea.

Baada ya miezi kama miwili hivi mzee alikuja dukani. Hakukaa. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya meza yangu, nishani ikatoka.

"Nimekuletea," alisema. "Ulisema si yangu. Basi wewe unayejua kusoma, mtafutie mwenyewe."

Nikataka kusema kitu. Akainua mkono, si kwa hasira, ni kama anavyonyamazisha mtu anayetaka kumshukuru. Akatoka.

Na mimi? Nitawaambia nilichofanya, hata kama mtanitemea mate. Nilifungua sanduku la kioo, nikaipanga pamoja na zile mbili nyingine. Sasa zikawa tatu. Nikarudi nyuma hatua moja nizitazame vizuri. Nilifurahi, wasomaji! Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nyaguthii aliiona humo sandukuni. Kesho yake asubuhi alifunga nguo zake na za mtoto, akasema anaenda kumsaidia mama yake kumwangalia baba. Nilimwuliza atarudi lini. Akaniuliza, wale wateja wangu wakitaka kujua saa zao zitapona lini, mimi huwajibu nini? Nilikuwa nikiwajibu, "Tutaona." Akachukua mtoto akaenda.

Mwezi mmoja ukapita. Siku moja alasiri aliingia dukani Maalim Seif, mwalimu wa madrasa kule Majengo, mtu wa asili ya Lamu, saa yake imesimama. Nilipokuwa naifungua, yeye akainua kifuniko cha sanduku la kioo, akatoa medali moja akaigeuzageuza.

"Mashaallah," akasema. "Fundi, hizi umezipata wapi? Hii hapa imeandikwa, 'kwa ushujaa'. Na hapa ukingoni, mwenyewe ni nambari mia na thalathini na mbili."

Bisibisi iliniponyoka.

"Hapana, Maalim," nikasema. "Ni mia mbili thelathini na moja."

"Lahaula! Nani kakwambia?"

"Si Kiarabu husomwa kutoka kulia?"

Maalim alicheka kwa wema, kama anavyomcheka mtoto wa madrasa. Akaniambia maneno ndiyo huanzia kulia. Nambari sivyo. Nambari Waarabu huziandika kama tunavyoziandika sisi, kubwa kushoto, ndogo kulia. Nikabisha! Nilibisha, wasomaji, mtu wa daftari moja nikimbishia mwalimu wa Kiarabu! Ndipo akainua macho akaiona ile saa ya Misri ukutani.

"Fundi," akasema, "hebu tazama pale juu kabisa. Pameandikwa nini?"

"Pale ni saa sita," nikasema.

"Sikukuuliza saa. Nakuuliza pameandikwa nini."

Nikatazama. Na haki ya Mungu, miaka yote ile sikuwahi kuisoma! Sisi mikono yote miwili ikisimama pale juu tunasema saa sita, hatusemi kumi na mbili, nani basi huisoma? Nilikuwa nimenakili moja mpaka tisa nikafunga daftari. Sasa nikaisoma. Moja iko kushoto. Mbili iko kulia. Kumi na mbili! Kama ningekuwa sahihi mimi, saa ile ingekuwa na saa ya ishirini na moja.

"Saa gani duniani yenye ishirini na moja pale juu?" Maalim akaniuliza, bado anacheka. Alipoona uso wangu akaacha kucheka. Akaniuliza kama ninaumwa.

Nilimtengenezea saa yake, nikakataa malipo. Alipoondoka nilifunga duka, nikakaa chini pale pale alipokaa yule mjane wa Othaya.

Sasa, wasomaji wenzangu, mtasema basi, alikosea, yaishe. Binadamu hukosea. Na kama mkasa wangu ungekuwa huo tu, nisingewaandikia. Ningekuwa nimekwenda kwa mzee siku ile ile, nikapiga magoti, akanicheka au akanifukuza, maisha yakaendelea.

Sikwenda.

Nilisema nitakwenda Jumamosi. Jumamosi ikaja, nikasema nina saa ya mteja anayeihitaji. Nikasema kwanza nimwone mwenyekiti wa kamati, kwamba hiyo ndiyo njia ya heshima, nikasikia amesafiri Meru kwa binti yake, nikashukuru! Nikasema nitangoja arudi. Halafu mvua zikaanza, nikasema njia ya kule kwa mzee ina utelezi. Mvua! Mtu aliyekwenda mpaka Nanyuki kutafuta kipande cha chuma, leo anaogopa kulowa!

Ukweli ni nini? Niliogopa kuchekwa. Niliwaza watu wakisikia kwamba Daktari wa Medali hakujua hata kusoma uso wa saa. Fundi saa! Niliwaza lile bango langu jekundu. Nikimaliza kuwaza hivyo najiambia, mzee amekwisha kuzoea, wiki moja haitamwongezea wala kumpunguzia.

Nilikaa na ukweli huo wiki tatu.

Mwisho wa wiki ya tatu jirani wa baba mkwe alisimama mlangoni pa duka, kofia mkononi. Nilijua kabla hajafungua mdomo. "Mzee Wahome ametuacha," akasema. "Jana mchana. Alikuwa ameketi tu nje." Daktari alisema ni moyo.

Siku ya maziko nilivaa koti langu, nikaweka nishani mfukoni, nikaenda. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenisalimu vilevile. Nyaguthii alikuwa kando ya mama yake, amekonda, mtoto wetu amemshika sketi. Mtoto aliniona akataka kuja, akatazama uso wa mama yake, akabaki pale pale.

Wakati wa watu kusema machache, nilisimama. Mchungaji alisita, kisha akanipa nafasi. Nikasema yote. Nikasema mbele ya kamati, mbele ya watu wa soko, mbele ya yule aliyetaja maiti. Nikasema nishani ni ya marehemu, namba ni yake, aliivikwa kwa kumtoa mtu motoni, na kwamba mimi niliisoma kinyume kwa kiburi na ujinga. Nikasema kila aliyemwita Mwarabu au Mia Mbili alimtukana mtu shujaa, na wa kwanza ni mimi. Nililia mpaka makamasi yakanitoka kama mtoto.

Watu waliguna. Mwenyekiti alivua kofia yake akainamisha kichwa. Nilisikia mtu akisema, "Angalau amesema." Na mimi, mjinga, nikaanza kuona mzigo ukipungua.

Nikamwendea mama mkwe, nikampa nishani kwa mikono miwili. Aliipokea. Aliifuta kwa ncha ya leso yake polepole, pande zote mbili, akaitazama.

"Hii alitaka kuivaa akiwa hai," akasema.

Ndipo Nyaguthii akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni tangu siku ile ya ukumbini.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

Jamani... Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema leo asubuhi! Nani angejua? Maalim Seif hakuwapo. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, hasa ule uongo wa kunyamaza.

"Wiki tatu zilizopita," nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, mimi na mama yake tu ndio tuliosikia. "Wiki tatu hizo alikuwa anaketi pale nje kila siku. Kila mtu akipita kutoka mjini alikuwa anamwuliza, 'Muthoni wangu hajatuma neno?' Tulimwambia aingie ndani, kuna baridi. Alikuwa anakataa. Alikuwa anasema, 'Huyo kijana ni msomi. Ataangalia tena. Akiangalia vizuri ataona, na akiona atakuja.'"

Akamshika mtoto mkono, akaondoka. Hakurudi kwangu tena. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakazungumza, nami sikubishana na lolote waliloamua. Wanja sasa ni msichana mkubwa. Hunitembelea mara moja moja, huniita baba, hunipikia chai. Hajawahi kuniuliza habari za babu yake na mimi sijapata ujasiri wa kuanza.

Lile bango nililiteremsha siku hiyo hiyo ya maziko. Medali zilizobaki nilizigawa, kila yenye jina nikairudisha kwa watu wake nilipowapata. Wengine walinishukuru sana. Shukrani zao ziliniuma.

Wasomaji wenzangu, sikuandika haya mnionee huruma. Nimeandika kwa sababu kuna mmoja wenu, sasa hivi, anayejua kwamba alimkosea mtu mbele ya watu, na anangoja siku nzuri ya kwenda kusema. Ndugu yangu, dada yangu, nakusihi kwa machozi... kukosea hakukunimaliza mimi. Mtu akikosea husamehewa. Kilichonimaliza ni zile siku ishirini na moja nilizokaa kimya nikilinda jina langu, wakati mtu mmoja ameketi kwenye baridi akiwaambia watu kwamba nitakuja.

Acha kusoma gazeti hili. Nenda.